Nilimwonea Wivu Mtu Anayeitwa Zeituni

Siku niliyosikia mwenzangu ameanguka, nilicheka.

Sio kutabasamu. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, saa saba mchana, mpaka mkono ukagonga kichupa cha wino na wino wote ukamwagika juu ya ngozi niliyokuwa naiandika tangu asubuhi.

Na mtu mwenyewe sikuwahi hata kumwona sura.

Najua unavyonifikiria. Vumilia kidogo, utanifikiria vibaya zaidi, halafu labda utanionea huruma.

Niite Kalman. Sio jina langu halisi, na wote humu nimewabadilisha majina. Naishi Bnei Brak, mji wa Wayahudi wa dini huko Israeli, ghorofa ya tatu, mke mmoja, watoto wanne, na mashine ya kufulia inayopiga kelele kuliko watoto wote wanne.

Kazi yangu ni kuandika mezuza. Ni yale maandiko madogo ya ngozi tunayoyabandika kwenye miimo ya milango yetu. Mistari ishirini na miwili, kwa unyoya wa bata mzinga, herufi moja moja. Kila nikifika kwenye Jina la Mungu, lazima nisimame, niseme kwa mdomo kwamba naandika kwa ajili ya utakatifu wa Jina, ndipo niandike.

Kazi ya mtu safi.

Sasa mimi, ndani ya kile kiboksi cha manyoya ya bata mzinga, chini kabisa, nilikuwa nimeficha simu janja.

Mtaani kwetu watu wa dini tunatumia simu za kupiga na kupokea tu. Hazina mtandao. Ukionekana na ile nyingine, mtoto wako anaweza kukosa shule. Mimi nilikuwa nayo. Na sikuwa naangalia hali ya hewa.

Nilikuwa naangalia wanawake. Nimemaliza, sitarudia hilo neno.

Miaka saba. Nilijaribu kila kitu. Niliweka nadhiri, nikaivunja. Nilifunga kula Jumatatu na Alhamisi, nikawa na njaa na bado naangalia. Nilienda kwa rabi mmoja mkubwa anipe baraka, nikasema nina "shida ya usingizi", akanibariki nilale vizuri. Nikalala vizuri kweli. Nikiamka, naingia kwenye kiboksi.

Nilikuwa napata moto wiki mbili, tatu, halafu unazima. Tatizo langu halikuwa kuanza. Kuanza nilikuwa bingwa.

Siku moja baada ya sikukuu ya Vibanda, nikaona tangazo dogo limebandikwa kwenye ubao wa sinagogi. Namba ya simu na maneno matatu: "Hauko peke yako."

Nikapiga.

Ilikuwa laini ya pamoja. Kila siku saa saba kamili mchana, isipokuwa Sabato, wanaume kama ishirini tunaingia kwa wakati mmoja. Hakuna majina. Kila mtu anachagua jina la zao la nchi yetu. Na laini yenyewe inabadilisha sauti, kila mtu anasikika kama bata aliyemeza kengele, ili hata kaka yako asikutambue.

Nilipofika mazao yote mazuri yalishachukuliwa. Zabibu yupo. Tini yupo. Komamanga yupo. Tende yupo.

"Limebaki Shayiri," Mratibu wa laini akasema.

"Shayiri si chakula cha punda?"

"Ukitaka, kuna Kitunguu."

Nikawa Shayiri.

Utaratibu ni rahisi. Unaitwa, unataja siku zako bila kuangalia, yaani bila kuanguka, unasema neno moja, unanyamaza.

"Tende."

"Siku ya ishirini na mbili. Nashukuru."

"Komamanga."

"Siku ya tisa. Jana ilikuwa ngumu."

"Shayiri."

"Ya kwanza," nikasema, masikio yakiwaka moto.

"Karibu, Shayiri. Zeituni?"

"Siku ya mia tatu na kumi na tano."

Jamani.

Ungesikia laini nzima ilivyovuta pumzi. Mabata ishirini yakasema "Mungu akuzidishie" kwa pamoja. Halafu yule bwana akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshiba, akasema, "Ni siku moja tu kama ya kwenu, ndugu zangu."

Moja tu! Mtu ana mia tatu na kumi na tano anasema moja tu.

Nikamchukia hapo hapo.

Nilishazoea kuwa na mtu wa kumwonea wivu. Nyumbani alikuwepo Hershl, mume wa dada yake mke wangu. Baba mkwe wetu, Reb Anshel, Reb ni kama kusema Mzee kwa heshima, ni msimamizi wa sinagogi, mjane, ndevu nyeupe mpaka kwenye kifungo cha tatu. Kila Sabato mezani kwake ilikuwa hivi:

"Hershl, mwanangu, hebu tuambie kitu ulichojifunza wiki hii."

Hershl anaongea dakika ishirini. Mzee anafumba macho kama anasikia malaika.

Halafu ananigeukia mimi, haniangalii hata usoni. "Na wewe Kalman, herufi zinaendeleaje?"

Kama unavyomuuliza mtoto wa chekechea.

"Zinaendelea, Baba."

"Vizuri. Pitisha samaki."

Miaka kumi na moja nilipitisha samaki.

Kwa hiyo nilipompata Zeituni, nikawa na wivu wa kula wiki nzima. Hershl wa Sabato, Zeituni wa siku za kawaida.

Na unajua nini? Ulifanya kazi.

Kila mkono ukinivuta kwenye kiboksi, najiambia: yule bata anaweza, wewe huwezi? Nikafika siku ya kumi. Ya ishirini. Ya thelathini. Nikawa napiga hesabu kichwani, akianguka tarehe fulani mimi nitampita mwezi fulani. Niliomba asimame imara kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa namwekea gogo njiani.

Siku ya thelathini na nane, Zeituni alikuwa ya mia tatu hamsini na mbili. Akasifiwa mpaka Mratibu akatoa machozi. Mimi nikatajwa, nikaambiwa "vizuri Shayiri", basi.

Jioni ile nikaangalia hadi betri ikaisha.

Kesho yake saa saba nikaitwa. "Shayiri?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ya kwanza. Naapa nilikuwa nimejiandaa.

"Ya thelathini na tisa," nikasema.

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Maana uongo ulikuwa mtamu. Sikuhitaji tena kupambana. Namba inapanda yenyewe. Hamsini, sitini, sabini. Wageni wakawa wanaomba nizungumze nao. "Shayiri, umewezaje?" Nawapa ushauri, ndugu zangu! Mtu niliyetoka kuanguka mara sita nawafundisha watu kusimama.

Nikifika kwenye Jina la Mungu kwenye ngozi, mkono ulikuwa unakuwa mzito kama nimebeba ndoo. Nikapunguza kuandika. Mezuza tatu kwa wiki, kisha mbili. Yokheved, mke wangu, akaniuliza, "Unaumwa?" Nikamwambia ni baridi.

Ndipo ikaja ile siku. Mimi kwa mdomo nilikuwa siku ya tisini na tatu. Zeituni jana yake alikuwa ametaja mia nne na sita.

"Zeituni?"

Mratibu akarudia.

"Zeituni, upo?"

"Nipo." Ile sauti ya bata ikapasuka katikati. "Siku ya kwanza."



"Nimeanguka jana jioni. Ningeweza kuwadanganya, hamnijui. Lakini nilikuwa nawaambia ukweli wakati ukweli unanipendeza, sasa na huu nao ni wenu. Siku ya kwanza."

Nikakata simu. Nikacheka. Wino ukamwagika.

Tende, Komamanga na wengine walishaanguka zamani, wakaanza upya. Nilikuwa namba moja.

Nikaitazama ile ngozi. Nilikuwa mstari wa kumi na tisa. Wino ulikuwa umefunika Majina manne, na Jina halifutwi, haliparuzwi. Ngozi kama hiyo inaenda kuzikwa. Nikakaa nayo mapajani, kicheko kimeisha, nikajiuliza nimeshinda nini hasa. Siku iliyofuata nikaangalia tena, kusherehekea ubingwa.

Siku chache baadaye Mratibu akanipigia pembeni.

"Shayiri, Zeituni ana hali mbaya. Ameomba akutane na mtu ana kwa ana. Kawaida namchagua mwenye siku nyingi zaidi. Ndiye wewe."

Ungekuwa wewe ungekataa. Mtu yeyote mwenye haya angekataa.

Mimi nikakubali kwa sababu nilitaka kumwona akiwa chini. Nakuandikia ukweli wangu ulivyo. Nilitaka kuona sura ya aliyenitesa siku tisini na saba, nimpige bega, nimwambie "jipe moyo, ndugu yangu".

Tulipangiwa bustani kubwa ya Ramat Gan, karibu na ziwa, mbali na mtaa wetu. Ishara: atakuwa ameshika mfuko wa zeituni za sokoni.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nikashuka basi, nikapita vijia vya maua, nikaliona benchi.

Amekaa Reb Anshel.

Nikarudi nyuma ya mti mbio. Katika siku zote za mwaka! Baba mkwe wangu, leo, hapa? Nikasema ngoja aondoke. Labda daktari amemwambia atembee.

Dakika tano. Kumi. Hatoki. Ananyoosha shingo, anatazama njia, kama mtu anayemngoja mgeni.

Halafu akauhamisha mkono, nikaona kilichokuwa mapajani.

Mfuko wa plastiki. Zeituni za kijani, na maji yake, umefungwa fundo juu.

Yule niliyemwonea wivu kila siku ya kawaida, na yule aliyeninyima sifa kila Sabato, ni mtu mmoja.

Ningeweza kuondoka. Basi la kurudi lilikuwa linaonekana kwa macho. Sijui kilichonitoa nyuma ya mti. Nafikiri ni jinsi alivyokuwa ameshika ule mfuko kwa mikono yote miwili, kama abiria aliyepotea.

"Baba," nikasema.

Akaruka. Uso ukawa mweupe kama ndevu. Akaanza kuuficha mfuko nyuma ya koti.

"Kalman! Mimi... nimekuja kupunga upepo kidogo. Hizi zeituni ni za—"

"Baba. Mimi ndiye Shayiri."



Bata mmoja wa kweli akapita mbele yetu, akatutazama, akaenda zake.

"Wewe," akasema polepole. "Wewe ndiye Shayiri? Wa siku tisini na saba?"

Nikajibu kwa kichwa. Ndiyo. Hata pale, nikamjibu ndiyo.

Mzee akauweka mfuko chini. Akaushika mkono wangu wa kulia, huu wa kuandikia, akauinamia, akaubusu. Baba mkwe! Msimamizi wa sinagogi! Kanibusu mkono kama wanavyoubusu wa rabi mkuu.

"Mkono safi," akasema. "Miaka yote upo mezani kwangu na mimi sikujua. Nisaidie, mwanangu. Nifundishe."

Miaka kumi na moja nililingoja lile neno "mwanangu" la Hershl. Nikalipata, na nikatamani ardhi inimeze.

"Tatu," nikasema.

"Nini?"

"Siku tatu, Baba. Sio tisini na saba. Nimedanganya tangu siku ya thelathini na tisa. Nilidanganya kwa sababu yako. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka usingizi unakatika. Ulipoanguka nilicheka."

Nikangoja kofi. Au asimame aondoke, kesho nisikie Yokheved anaitwa kwao na watoto wake.

Mzee akainamisha kichwa. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikajua analia. Nikainua macho.

Anacheka. Anacheka mpaka machozi yanaingia kwenye ndevu.

"Tatu?" akasema. "Mimi leo ya tano! Kwa hiyo bado nakuongoza!"

Na mimi, Mungu anisamehe, palepale kwenye benchi lililolowa, nikasikia kamwiba kadogo ka wivu. Nikamwambia. Akacheka zaidi. Tukacheka wote kama wehu, tukafungua ule mfuko, tukala zeituni, mbegu tukawa tunatemea kwenye matope.

Ndipo akanieleza. Mkewe alipofariki, nyumba ikawa kimya mno. Akanunua simu asikilize mafundisho ya Torati. Wiki ya kwanza alisikiliza mafundisho. Wiki ya pili, mengine.

"Kama siku mia za mwanzo nilipambana kweli," akasema. "Halafu nikaanza kuipenda namba. Nilikuwa nailinda namba, mimi mwenyewe nimejiacha mlango wazi. Namba ilipovunjika nikakuta ndani hakuna mtu."

"Na mezani, Baba? Mbona Hershl, Hershl, kila siku Hershl?"

Akanitazama usoni. Mara ya kwanza, nadhani.

"Hershl akiongea anajisikiliza mwenyewe, hanioni. Wewe unatazama watu. Unaangalia herufi siku nzima unatafuta kasoro. Nilikuwa nakuogopa, Kalman. Niliona ukinitazama vizuri utaijua siri yangu."

Wivu wote ule, ndugu yangu. Kumbe mtu alikuwa ananikimbia.

Tuliafikiana jambo moja tu. Hakuna kuhesabu. Kila siku mmoja anampigia mwenzake, anasema leo ikoje. Nzuri, mbaya, nimeanguka, sijaanguka. Uongo marufuku. Simu zetu mbili za siri tukaenda kuzitupa kwenye kisanduku cha betri chakavu mlangoni mwa duka la dawa. Yake ilikuwa mpya kuliko yangu, nayo niliionea wivu.

Kesho yake saa saba nikaingia kwenye laini nikasema, "Shayiri, siku ya nne, na nyingi za nyuma zilikuwa za uongo." Tende akakata simu kwa hasira. Komamanga akasema asante. Sikulaumu yeyote.

Nilimwambia pia Yokheved. La kwangu tu. La baba yake halikuwa langu kulisema.

Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Kwenye kiboksi cha manyoya," akasema. "Najua tangu sikukuu ya Purimu iliyopita."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kwa ajili yangu. Wiki mbili, Kalman. Nakujua wewe. Halafu ungenichukia mimi." Akakunja shati, akalifungua, akalikunja tena. "Nilikuwa nakionea wivu kile kitu. Kinaujua uso wako ukiwa peke yako. Mimi siujui."

Hatukuongea kama siku nne. Sitakudanganya kwamba tulikumbatiana.

Niliendelea kuanguka? Ndiyo. Mara mbili mwaka ule, kwa kompyuta ya duka la kuchapisha karatasi. Mara zote mbili nilimpigia mzee kabla sijafika nyumbani. Mara moja na yeye alinipigia akilia. Sikucheka.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikukielewa wakati huo. Nadhiri ilinipa wiki mbili. Kufunga kulinipa siku kumi. Wivu ulinipa thelathini na nane, ndiyo rekodi yangu ya zamani. Lakini yule mzee akipokea simu na kusema "Niambie", bila kitu kingine, mimi sikuwa na wa kumshinda. Kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye anausubiri ukweli wangu, hata ukiwa mbovu. Nikawa sitaki kuukosa huo. Miaka sita sasa. Siku sijui ni ngapi.

Reb Anshel alifariki majira ya baridi yaliyopita.

Wiki moja kabla, hospitali, aliniita nisogee. "Nikiondoka, wasimulie watu. Jina langu usitaje. Kuna mpumbavu mwingine mahali fulani anahesabu."

Mazishini Hershl ndiye aliyezungumza. Nusu saa. Mtu mtakatifu, mtu ambaye hakujua tamaa, mtu wa nuru. Watu wakalia sana. Mimi nilisimama pale nikimwonea wivu Hershl kwa mara ya mwisho, kwa sababu alikuwa na cha kusema mbele za watu na mimi sina. Ndani nilikuwa napiga kelele: hamumjui! Alijua tamaa kuliko nyinyi wote, ndiyo maana alikuwa mkubwa.



Siku ya tatu ya matanga, nyumba imejaa wageni, nikahisi ule mvuto. Ule wa zamani, na meno yake yote. Duka la kuchapisha lipo hatua mia mbili. Nikachukua simu yangu ya kawaida, kidole kikaenda chenyewe kwenye namba ya mzee.

Nikakumbuka.

Nikakaa na ile simu mkononi. Miaka sita nilikuwa nimesimama kwa sababu ya mtu mmoja, na mtu mmoja hayupo.

Yokheved alikuwa sebuleni amekaa kwenye kile kigoda kifupi cha wafiwa, kola imechanwa kwa desturi yetu ya msiba, macho yamevimba. Amempoteza baba yake. Nikasema siwezi kumbebesha na hili, ni ukatili.

Halafu nikaenda. Nikachuchumaa karibu yake.

"Yokheved," nikamnong'oneza. "Leo ni siku mbaya."

Hakuuliza mbaya vipi. Akasogea kwenye kile kigoda mpaka akabaki na nusu, ile nusu nyingine akanipigia kwa kiganja nikae.

"Niambie," akasema.

Ndugu msomaji, sina la kukufundisha zaidi ya hili. Kama kuna kitu kimekushika, usitafute mtu wa kumpita. Utampita, halafu utakaa peke yako na wino mapajani. Tafuta mtu mmoja ambaye ukimwambia "leo nimeshindwa" bado atakusogezea nafasi. Na kama umempata, mwambie leo hii, kabla hujajisafisha.